Nilijipunguzia miaka sita, sasa karamu ya hamsini inabisha hodi

Dada mpendwa,

Mimi ni mjane, mama wa watoto wawili, fundi wa nguo hapa Kisumu. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye. Shule zikikaribia kufunguliwa nashona sare, miezi mingine ni magauni ya harusi na ya matanga. Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. Nikakaa peke yangu, nikalea, nikasomesha. Halafu miaka minne iliyopita nikakutana na huyu ninayekuandikia habari zake. Ni dereva wa lori, hubeba mizigo kati ya Kisumu na Nakuru. Mtu mpole, mcheshi, akifika nyumbani huuliza kwanza kama nimekula.

Siku ya pili tu ya kujuana aliniuliza, "Kwani wewe una miaka mingapi?" Yeye alikuwa ameshaniambia ana 42. Mimi nilikuwa na 46. Mdomo ukajisemea: "Arobaini."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka 23 wakati huo, na dereva anajua hesabu. Akasema, "Basi ulimzaa ukiwa mtoto." Nikasema ndiyo, nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, nikaacha shule. Dada, si kweli. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1994 nikafaulu kiasi changu, nikaenda chuo cha ufundi miaka miwili kujifunza cherehani, kisha marehemu mume wangu akaja kwetu na wazee wake, ng'ombe wakatolewa, nikaolewa kwa heshima zote ndipo nikazaa. Ilibidi nimwombe binti yangu asije akanisaliti kwa bahati mbaya. Hakusema kitu. Alinitazama tu, akaendelea kukunja nguo.

Tangu hapo nimekuwa kazini. Kila baada ya wiki mbili napaka nywele rangi nyeusi, pakiti naificha chini ya vitambaa vya sare ambako hawezi kupekua. Februari ngozi ya kichwa ilivimba ikatoa majimaji, nikafunga kilemba siku kumi nikisema ni mtindo. Hedhi nayo imeanza vituko: inakosa miezi mitatu, kisha inakuja mara mbili kwa mwezi. Usiku naloa jasho. Kisumu nilikuwa na kisingizio, nasema ni joto la ziwa. Lakini Julai iliyopita nilimsindikiza Nakuru. Tumekaa hotelini saa mbili usiku, kila mtu amevaa jaketi, hata mhudumu amevaa kofia ya sufu, mimi najipepea na karatasi ya menyu. Akaniuliza taratibu, "Hata huku?" Nikasema pilipili.

Sasa kuna chama chetu. Tuko wanawake sita tuliosoma pamoja shule ya msingi, na mwaka huu wote tunatimiza miaka 50. Wenzangu wameamua tufanye karamu ya pamoja mwezi wa Agosti kule Dunga, ufukweni, samaki na muziki, kila mtu aje na mwenziwe. Nguo ni kitenge kimoja, na kifuani itatariziwa neno HAMSINI kwa uzi wa dhahabu. Fundi ni nani? Ni mimi. Nimeshamaliza tano. Ya sita, yangu, nimeikata kwa vipimo vilivyo kwenye daftari la zamani. Nilipoijaribu iligoma kiunoni. Iko mezani mpaka leo, nimeifunika gazeti.

Na bado sijafika penyewe. Mwezi jana aliniambia anataka tuende kwa msajili, tufunge ndoa ya kiserikali, na kwamba anatamani tupate mtoto mmoja, "wa uzeeni". Ana binti mmoja tu, yuko kwa mama yake. Alisema, "Wewe bado una 44, Mungu akipenda." Nilinyanyuka nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Wiki iliyopita, pale Kondele, kijana wa bodaboda aliniita, "Dani, twende?" Yaani nyanya! Sikupanda. Nilitembea hadi nyumbani juani nikilia.

Wenzangu wanaubeba umri wao kama cheo. Mimi nauficha kama deni la duka. Najua huyu mwanamume ananipenda kwa sababu anadhani mimi ni mdogo kwake. Nikimwambia ukweli ataondoka. Nikikaa kimya, karamu itasema, au kitambulisho kitasema kwa msajili. Nifanyeje?

Fundi, Kisumu

*

Mdogo wangu Fundi,

Nikuite mdogo wangu kwa haki, maana nina miaka 61. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye menyu ya Nakuru, unisamehe. Mara ya pili sikucheka. Nilikwama kwenye kidato cha tatu.

Kama nimekuelewa, umebanwa na milango mitatu inayofunguka wakati mmoja: karamu ya Agosti, safari ya msajili, na mtoto anayetamaniwa. Nyuma ya yote kuna namba moja uliyoitamka miaka minne iliyopita kabla hujafikiri. Na unaniuliza mlango upi uuzibe kwanza. Kabla hatujafika huko, niruhusu nikuulize mambo mawili matatu, maana naona umeyachukua kama yamekwisha kuthibitishwa.

Umesema anakupenda kwa sababu anadhani wewe ni mdogo kwake. Umelijuaje hili? Katika barua nzima hakuna mahali aliposema, "Nakupenda kwa kuwa una 44." Alichofanya, kwa maneno yako mwenyewe, ni kuuliza kama umekula. Namba aliiuliza mara moja, siku ya pili, kama watu wanavyouliza kwenu ni wapi. Huenda kwake ni jambo zito, huenda alikuwa anatafuta la kusema. Mimi sijui, na nadhani wewe pia hujui; umeogopa kwa niaba yake miaka minne.

La pili, una hakika hajui? Huyu ni mtu anayehesabu mafuta ya lori kutoka Kisumu mpaka Nakuru na kurudi. Amekuona ukijipepea kwenye baridi ya Julai. Ameona kilemba cha siku kumi. Amelala kando yako shuka zikilowa. "Hata huku?" linaweza kuwa swali la mtu asiyejua kitu, na linaweza kuwa la mtu aliyekufungulia mlango taratibu akangoja uingie, ukamjibu pilipili. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema usimpange kwenye kundi la waliodanganyika kabisa kabla hujasikia kauli yake.

Sasa nirudi kidato cha tatu, maana hapo ndipo pameniuma. Ulidhani umepunguza miaka sita. Angalia ulichokata pamoja nayo. Umekata mtihani wa 1994 na matokeo yake. Umekata chuo cha ufundi, miaka miwili ya kujifunza kazi ambayo mpaka leo inakulisha. Umewafuta wazee waliokuja kwenu na ng'ombe, na yule marehemu ambaye alisubiri mpaka umalize masomo. Mahali pao umemweka msichana wa sare aliyepata mimba na kufukuzwa na aibu. Msichana huyo si mbaya, wako wengi na wengine wamerudi shule wakafika mbali. Ila si wewe. Na binti yako, aliyezaliwa kwenye ndoa ya heshima, amegeuzwa ajali ya shuleni bila kuulizwa. Ule mtazamo wake alipokuwa akikunja nguo, umewahi kurudi kuuzungumzia? Ningekuwa wewe, kabla ya dereva, kabla ya chama, ningekaa na binti huyu. Kwake huna hofu ya kuachwa, na pengine kwake ndiko deni lilikoanzia.

Umetaja deni la duka. Wenzako nao umewaona kama watu wasio na deni lolote. Nimekaa na wanawake wengi wa umri huo, na nakwambia, hamsini ya kifuani kwa uzi wa dhahabu haizuii mtu kulia bafuni. Katika hao watano yuko anayelala na feni usiku kucha, yuko aliyevunjika moyo bodaboda alipomwita mathe. Hamjaulizana kwa kuwa kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Siri ya mtungi iulize kata, na kata zako ziko tano hapo hapo kwenye chama.

Hilo neno "Dani" nalo tulitazame kidogo. Kijana wa Kondele alitaka abiria. Kwa akili yake alikupa heshima ya nyumbani kwao, na wewe ukalipokea kama hukumu. Zamani katika jamii ya Waluo kulikuwa na pim, mwanamke aliyekwisha kuzaa na kulea, aliyelala na wasichana kwenye siwindhe, nyumba yao ya kulala, akiwafundisha maisha, habari za ndoa zikiwemo. Hakupewa kazi hiyo licha ya umri wake. Umri ndio uliokuwa cheti chake. Sikwambii urudi siwindhe, una maisha yako na una mwanamume wako. Nakukumbusha tu kwamba wazo la mwanamke kuisha thamani akikaribia hamsini si la asili kwetu kama tunavyodhani. Mama yangu alipenda kumtaja Grace Onyango, aliyekuwa meya wa mji huu huu wa Kisumu mwaka 1965 na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni nchini Kenya. Alikuwa na miaka 45, umri mkubwa kuliko huo unaojipa wewe leo. Mama aliongeza kila mara, "Na hakuna aliyemwambia apunguze." Lakini mama yangu naye alikuwa akipaka nywele rangi mpaka siku alipokufa, kwa hiyo tusitakasane.

Hapo kwenye rangi, nisikilize kwa makini, si kwa ajili ya mapenzi bali kwa ajili ya kichwa chako. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo parafenilenediamini. Mtu anaweza kuitumia miaka bila shida, kisha siku moja mwili ukaikataa, na ukishaikataa hausahau. Mara inayofuata inaweza kuvimbisha uso mzima na macho, na kwa wachache hubana hata pumzi. Ngozi iliyotoa majimaji Februari imekuonya. Usiipake tena kabla ya kuonwa na daktari wa ngozi, na usidanganywe na inayoitwa hina nyeusi. Hina halisi huacha wekundu, na nyeusi mara nyingi imetiwa kemikali hiyo hiyo. Kupaka rangi si kosa. Wanawake wa pwani wamejipamba kwa hina vizazi na vizazi na hakuna aliyekuwa akijificha. Wewe pakiti uliificha chini ya sare, hapo pana tofauti, na unaijua kuliko mimi.

Na hili jasho lina jina, ndugu yangu. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo hedhi huyumba kama ulivyoeleza. Homoni ya estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hushtuka kwa jambo dogo na kufungulia jasho hata Nakuru. Si ugonjwa, lakini hulazimiki kuvumilia tu. Zipo tiba, na zinachaguliwa kwa kuangalia presha yako na historia ya afya yako. Nenda kliniki ya wanawake, hata pale hospitali kuu ya rufaa tunayoiita Russia, ueleze yote, na hiyo hedhi ya mara mbili kwa mwezi uitaje kwa msisitizo, maana damu ya namna hiyo haifai kukisiwa. Jambo jingine wengi hawalijui: mpaka miezi 12 ipite bila hedhi hata mara moja, mimba bado inaweza kuingia. Kwa nadra, ndiyo, na kwa hatari kubwa zaidi ya presha, kisukari na mimba kuharibika. Inaweza.

Ndiyo maana hili la mtoto siwezi kulipita kwa upole kama mengine. Miaka ya kujipunguzia kwa chama au kwa jirani ni yako. Lakini huyu bwana anapanga maisha yake juu ya namba uliyompa. Anatamani mtoto, na anakadiria matumaini yake kwa mwanamke wa 44. Labda ukimwambia atasema mtoto si lazima. Labda atasema ni lazima, nawe utaumia. Vyovyote vile, kila mwezi unaopita akiamini 44 ni mwezi anaokadiria kwa kipimo kisicho chake. Wewe ni fundi. Mteja akikudanganya kiuno unamlaumu nani nguo ikibana?

Tuyatazame basi mapito yaliyo mbele yako. Moja ni kuikwepa karamu: kusema umesafiri, umeugua, mama mkwe ameanguka. Utapata miezi michache. Lakini wenzako watano wanajua mlizaliwa mwaka mmoja, nguo umeshona wewe, na picha zitakuwa kwenye simu za mji mzima kabla samaki hawajapoa. Pia utakuwa umewakosa. Hilo nadhani lingekuuma baadaye kuliko unavyofikiri sasa.

Njia nyingine ni kumwacha ajionee Dunga. Najua inavyovutia, mtu husema acha neno la kifuani lizungumze, mimi nisitamke. Ila fikiria atakavyokaa pale na soda yake, katikati ya wanaume wengine wanaojua, akisoma HAMSINI. Mtu anaweza kusamehe uongo akashindwa kusamehe hadhara.

Kuna pia kunyamaza mpaka kwa msajili. Huko vitambulisho vyenu viwili vitalala mezani kando kwa kando, na notisi ya ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla. Siku hizo zote utazilala vipi?

Na kuna kumwambia mwenyewe, mapema, mkiwa wawili. Sikufichi, nayo ina hatari zake. Anaweza kukasirika. Anaweza kuondoka, hasa kwa ajili ya mtoto. Anaweza kubaki lakini kila mkigombana akakutupia namba hiyo usoni, na hilo huchosha kuliko kuachwa. Anaweza pia kukuuliza, "Na lingine ni lipi?" kwa sababu mtu akigundua uongo mmoja hupekua nyumba nzima. Kama utachagua njia hii, uwe tayari na jibu la swali hilo, kidato cha tatu kikiwemo, maana ukimwambia miaka ukaacha hadithi utakuwa umefumua upande mmoja wa mshono. Umesema ni mpole. Sawa, lakini wewe ndiye unayemjua akiwa na hasira. Ikiwa kuna chembe ya wasiwasi juu ya mkono wake, msizungumze usiku mkiwa peke yenu, na binti yako ajue mko wapi.

Hutakiwi kusema yote kwa pumzi moja wala kwa hotuba. Mama mmoja aliyewahi kunijia na jambo la namna hii alianza na, "Nina jambo nililokuambia vibaya siku ya pili ya kujuana." Akanyamaza. Mengine yalikuja kwa maswali. Wao walidumu, na nawajua wengine walioachana kwa neno dogo kuliko hilo, kwa hiyo sikupi mfano huu kama dawa.

Unaweza pia kugundua, ukishatulia, kwamba hutaki kwenda kwa msajili na yeyote sasa hivi. Hilo nalo si kushindwa. Miaka tisa ya ujane na minne ya ulinzi ni mingi kwa mtu mmoja.

Anza na aliye karibu. Muulize binti yako alichofikiri siku ile. Sikiliza bila kujitetea, hata kama chai itapoa. Kisha uone kama bado umri ndio unaokuogopesha, au ni kitu kingine.

Nguo ya sita usiishone usiku huu. Toa gazeti, weka lile daftari kabatini, umwombe mmoja wa wale watano aje kibandani akupime upya kiunoni. Apime ukiwa umeshakula. Na uniandikie baada ya Agosti, hata mambo yakienda mrama.